Honi Mbili Fupi

Jumatatu, 7 Oktoba

Leo nimekuwa mtu wa skuta. Mume wangu Muganyizi ameizunguka hapo uani kama anakagua mbuzi wa mahari, kisha akasema, "Kokuberwa, umri huu?" Nikamjibu kwamba umri huu ndio hauna muda wa kukaa kwenye foleni.

Foleni ya mwaka huu imezidi. Tangu waanze kuchimba barabara kabla ya kufika Kirumba ili waweke kalavati, magari ya kutoka huku Pasiansi kwenda mjini yanasimama asubuhi mpaka madereva wanashuka kunywa chai. Na kwa kuwa kila mtu hapa Mwanza ni mjanja, foleni moja imezaa ya pili ubavuni mwake. Katikati ya hizo mbili kimebaki kichochoro ambacho pikipiki tu ndiyo inapita. Mimi ni fundi wa majoho ya kwaya, duka langu liko Makoroboi, na Krismasi haimsubiri fundi.

Siku zote nilikuwa napanda gari la jirani yangu Minza, muuza dagaa wa soko la Mwaloni. Yeye anaishia Kirumba, mimi namalizia kwa bajaji. Minza ni Msukuma wa Magu, mimi ni Mhaya wa Kamachumu. Sijui kama makabila yetu yana utani wa jadi. Huu wetu tuliuanzisha wenyewe siku ya kwanza, aliponiita Nshomile, yaani msomi wa kujisifu, nami nikamuuliza ng'ombe wake amewafunga wapi. Tangu hapo hatujawahi kuambiana neno la kweli bila kulivalisha kichekesho kwanza.

Jioni nilimpelekea habari ya skuta. Aliuliza kama nimeshailipia, kisha akasema, "Haya nenda, Nshomile. Sasa masikio yangu yatapumzika." Amesema kweli, maana mimi garini sinyamazi. Nasoma mabango, nawasema wapita njia, namtangaza kila bodaboda anayechomoka pembeni na kila mama anayevuka na beseni. Minza huniita redio.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimefika dukani majirani hawajafagia. Raha tupu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Tumekubaliana na Minza: nikimkuta kwenye foleni nipige honi mbili fupi ajue ni mimi. Leo nimempigia, akatoa mkono dirishani akapunga, nami nikapita nikimcheka. Nyuma yangu nikamsikia, "Siku moja nitakufungulia mlango, tuone huo usomi wako unarukaje!"

Sikujua kwamba ukipita katikati ya magari yaliyosimama unaona maisha ya watu. Leo nimemwona baba mmoja ananyoa ndevu kwa kioo cha gari, dada mmoja anasali rozari huku anapaka wanja, na mtoto wa shule anamalizia hesabu juu ya paja la dereva. Wote wamekaa, mimi napita. Unabana viwiko, unaangalia saitimira za kulia na za kushoto, unaomba Mungu, na unajiona bora kuliko watu wote. Nakiri nimejiona hivyo.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mvua ya kwanza ya vuli. Joho moja limelowa upindo.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimempigia Minza honi. Amepunga vizuri, lakini uso ameupeleka kushoto wakati mimi niko kulia kwake, karibu nimguse. Nikasema moyoni, Msukuma huyu ameanza kuringa kwa sababu sipandi tena gari lake.

Jioni nilimtania kwa hilo. Akasema, "Siku hizi mimi nakuona kwa sikio, Nshomile." Nikacheka sana. Nimelirudia neno hilo kwa Muganyizi wakati wa chakula, naye akacheka.

Jumapili, 3 Novemba

Baada ya misa nimekutana na Dorcas, anayeuza karibu na Minza pale Mwaloni. Ameniambia shoga yangu siku hizi anapungia kila pikipiki inayopiga honi, mpaka vijana wa bodaboda wamempa jina, Mama Salamu. Nimecheka njia nzima. Nikampelekea Minza jina lake jipya, akasema, "Heri kusalimia mia usiowajua kuliko kumkosa mmoja unayemjua."

Mvua inanyesha kila mchana. Dagaa hawakauki, na Minza analalamika kwamba wanamletea wenye mchanga. Zamani hakuna aliyethubutu.

Alhamisi, 7 Novemba

Minza amekwaruza ubavu wa gari kwenye geti lake mwenyewe. Nikamuuliza imekuwaje. "Geti limesogea." Huyu mama ataniua kwa kicheko.

Jumapili, 10 Novemba

Senene wamefika! Dada yangu ametuma mfuko mzima kwa basi kutoka Bukoba. Nimemwita Minza aje tuchambue, maana ijapokuwa ni Msukuma, nilishamfundisha kula vitu vya maana. Tukakaa barazani, mvua inapiga bati, tunanyofoa mbawa na miguu. Mbawa tunatupa chini, senene tunaweka kwenye sinia.

Nilipoinuka kuwasha jiko nikaona nusu ya senene wa Minza wako sakafuni kando ya sinia, pamoja na mbawa. Nikapiga kelele, "Wewe mama, mali ya Wahaya hiyo! Hata sinia hulioni?"

Akasema, "Sinia silioni, wewe sikuoni, ninayemwona ni Mungu peke yake."

Tulicheka mpaka machozi. Yeye alijifuta macho muda mrefu kuliko mimi. Kisha akapapasa sakafu, akawaokota mmoja mmoja, huku akiniambia kwamba kule kwao Magu mdudu akianguka chini ndipo anapokolea chumvi.

Jumatatu, 18 Novemba

Kwaya ya Walutheri wanataka majoho yao Ijumaa badala ya mwisho wa mwezi. Sijalala vizuri. Mvua.

Jumatano, 20 Novemba

Jioni Minza amenikuta napangusa skuta. Amesimama getini, hakuingia. Akasema, "Nshomile, rudi garini hata siku moja. Nina jambo nataka kukwambia."

"Si uniambie hapa."

"Hapa halisemeki. Njoo garini, tukae foleni kama zamani, nitasema huku natazama mbele."

Nikamwambia umbea wake usubiri Krismasi ipite, watu wanataka majoho. Akacheka, akasema sawa. Akaondoka taratibu, mkono mmoja juu ya ukuta wetu.

Jumamosi, 23 Novemba

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umevunjika kifundo, umefungwa plasta ngumu mpaka karibu na kiwiko. Fundi wa mkono mmoja, mwezi mmoja kabla ya Krismasi.

Nieleze ilivyokuwa, nikiwa bado na hasira, nisije nikaipunguza.

Jana asubuhi kulikuwa na manyunyu. Majoho ya Walutheri, mekundu yenye kola nyeupe, nilikuwa nimeyafunga kwenye nailoni nyuma ya siti. Foleni zote mbili zilikuwa zimesimama kabisa. Nikaingia kichochoroni kwangu. Mbele nikaiona Starlet ya Minza kwenye foleni ya kushoto, nyuma ya lori la kreti za soda. Nikapiga honi zangu mbili fupi. Nilisubiri mkono utoke dirishani, lakini haukutoka. Mlango ndio uliofunguka.

Ulifunguka wote kwa mara moja. Sikuwahi hata kugusa breki. Ninachokumbuka kukiona ni kitasa cha ndani, kimefungwa kitambaa, kisha nikawa chini, shavu kwenye tope, mkono umelala upande ambao mkono haulali. Nailoni ilipasuka na majoho yakatandazika mpaka chini ya magari ya foleni ya pili. Watu wakashuka. Mmoja alinishika mabega, mwingine akawa anaokota majoho na kuyakung'uta kana kwamba tope hukung'utwa.

Minza alishuka. Alisimama juu yangu, ameshikilia mlango, akauliza, "Koku? Ni wewe?"

Niko miguuni pake, ananiuliza kama ni mimi!

Ndipo nikakumbuka kitisho chake cha kila wiki: siku moja nitakufungulia mlango. Nikajua ametimiza. Nilimwambia mbele ya watu wote, na nikarudia alipofika askari wa trafiki: "Huyu amefanya makusudi. Amekuwa akiniahidi tangu Oktoba."

Askari akamgeukia. "Mama, hukumwona?"

Minza alishika mlango kwa mikono miwili. Mvua ilikuwa inamtiririka usoni na hajifuti. Kisha akasema, "Nilimwona. Nilikuwa namtania."

Watu wakaguna. Mwanamume mmoja akasema huo si utani, huo ni uchawi. Askari akachukua leseni yake, akaandika aliyoandika. Mimi nikapakiwa kwenye bajaji kwenda hospitali, na sikugeuka nyuma.

Jumanne, 26 Novemba

Majoho yaliyochafuka nimempa fundi mwenzangu Dorotea ayafue na kuyamalizia. Wateja wengine wamehamia kwake moja kwa moja. Siwalaumu. Namlaumu ninayemlaumu.

Jumapili, 1 Desemba

Leo Minza amekuja na sato wawili wakubwa. Nilisikia sauti yake uani nikaingia chumbani, nikafunga mlango. Alikaa na Muganyizi sebuleni. Nilimsikia anasema, "Mwambie mtani wangu utani ulinizidi nguvu. Mwambie hata anitukane, nitasikia."

Sikutoka. Alipoondoka Muganyizi akasimama mlangoni kwangu. "Mtani hanuniwi, Kokuberwa. Hata kwenye msiba mtani hanuniwi."

Nikamwonyesha mkono. "Na mkono huu ni utani?"

Akautazama mkono, akasema, "Ameondoka anashika ukuta. Nimemsindikiza mpaka getini."

Nikasema aibu imemlemea. Sato sikuwala.

Alhamisi, 5 Desemba

Mvua usiku na mchana. Gari la Minza halijatoka tangu siku ile, majani ya mpera yamelifunika kioo. Anaogopa macho ya watu. Aogope.

Alhamisi, 12 Desemba

Kalavati limekwisha. Muganyizi anasema foleni imeyeyuka, magari yanapita moja kwa moja mpaka Kirumba. Skuta imesimama uani, imepinda usukani, na sasa hata kazi haina.

Nawaza sana siku hizi. Mtu akikaa peke yake nyumbani na mvua, anaanza kusikia vitu vilivyosemwa zamani. Leo nimelikumbuka lile swali, "Koku? Ni wewe?" Sauti ile haikuwa ya mtu anayetania. Nimelifukuza wazo hilo likarudi.

Jumapili, 15 Desemba

Queen, binti wa Minza, amerudi jana kutoka chuoni Dodoma. Leo amekuja kwangu akiwa amevaa kanga ya mama yake, akapiga goti kidogo mlangoni.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba."

Sikumkaribisha kiti. Alikaa mwenyewe. Akasema, "Mama yangu haoni."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka, kwa mazoea tu.

Queen hakucheka. Alieleza kwamba jana mama yake alimmiminia uji nje ya kikombe, akaendelea kumimina huku anamuuliza habari za mitihani. Akamkamata, akamhoji usiku, na mama akasema yote. Jicho la kulia limeshakufa. La kushoto linaona mbele tu, kwa upenyo mdogo, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Mvua ilipoanza na anga kugubikwa na mawingu, mambo yalizidi. Queen anahisi ni presha ya macho, ile iliyompofusha bibi yake, na kesho anampeleka kwa daktari.

"Nikamuuliza, mama, sasa ulikuwa unaendeshaje gari?" Queen akaniangalia. "Akasema, sikuwa naendesha mimi. Lilikuwa linaendeshwa na mdomo wa Koku."

Nimekaa na kalamu mpaka chai imepoa.

Bodaboda huyo kulia. Mama wa beseni huyo. Taratibu, kuna mtoto. Yote niliyokuwa nasema kwa kupenda kusema, mwenzangu alikuwa anaendeshea. Sikujua. Ningalijua nisingalinunua kile kidude, ningalipanda gari lile mpaka lianguke magurudumu. Lakini pia ningaliweza kujua. Alinionyesha kwa sinia, kwa geti, kwa mkono wake ukutani, na akaniambia kwa mdomo wake: siku hizi nakuona kwa sikio. Nikamrudishia kicheko. Najuta, najuta, sijui hata nianzie wapi kujuta.

Jumanne, 17 Desemba

Nimekwenda. Jana walikuwa kwa daktari. Nimemkuta Minza barazani anachambua dagaa kwa ncha za vidole, anatoa kokoto, uso ameuinua juu.

"Mwangaluka," nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Huyo Nshomile. Nyayo zako nazijua, unakanyaga kama mwenye shamba."

Nikakaa chini, kwenye ngazi. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakapotea. Nikasema, "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia, ng'wanawane, mwanangu. Nimekwambia mara ngapi? Ulicheka."

"Ulikuwa unatania!"

"Nilikuwa natania, ndiyo. Ningekwambiaje? Mimi na wewe tuna lugha nyingine?"

Nikauliza habari ya siku ile, kwa nini alimwambia askari kwamba aliniona.

"Ningesema sikuona, ingekuwaje? Gari wangeninyima siku hiyohiyo, hilo ni halali yao. Lakini Mwaloni nani angemuuzia kipofu dagaa bila kumchanganyia mchanga? Nikaona heri niitwe mwehu. Mwehu anaogopwa kidogo." Alitupa kokoto, ikagonga debe. "Halafu ukasema nimefanya makusudi. Nikajisemea, Koku mwenyewe akiamini hivyo, basi watu wote wataamini."

"Na mlango?"

Hapo ndipo mikono yake iliposimama.

"Nilikuwa nimechoka kupunga mkono. Nikasema leo nikisikia zile honi, nashuka, namsimamisha katikati ya barabara, namwambia. Nilisikia honi nikadhani uko mbali bado."

Nililia pale kwenye ngazi, tena kwa sauti, mpaka Queen akatoka ndani. Minza akanyoosha mkono kunitafuta, ukapita juu ya kichwa changu mara ya kwanza, nikaukamata kwa ule mmoja mzima.

Daktari amesema kilichopotea hakirudi. Ametoa matone ya kulinda upenyo uliobaki. Aliuliza hali ilizidi lini, Minza akamwambia tangu Oktoba. Queen anasema daktari alianza kusema, "Mngekuja mapema…", kisha akaona nyuso zao, akaandika tu cheti.

Nilikwenda kituoni jioni hiyohiyo na Muganyizi kufuta maneno yangu. Askari akashangaa, akasema kwa kawaida watu huja kuongeza.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Kwaya ya Walutheri imeimba ndani ya majoho ya Dorotea. Tumekula wote kwa Minza. Nimemwambia kilichoko kwenye sahani yake na kiko upande gani: wali mbele yako, nyama kulia, ndizi zangu za Kihaya kushoto. "Hizo ziache hapohapo kushoto," akasema, "huko sioni vizuri." Watu walicheka. Mimi nilicheka nikaenda jikoni.

Jumatatu, 20 Januari

Plasta imetoka tangu wiki iliyopita, na usukani wa skuta umenyooshwa. Starlet imekwenda kwa mtu wa Nansio. Minza aliomba alipapase gari kabla halijaondoka, akalizunguka lote kwa kiganja, akasema kumbe lilikuwa limechakaa hivi.

Leo ilikuwa siku yake ya kurudi kwa daktari. Queen ameshaenda chuo. Nikamwambia nitampeleka kwa skuta. Alifikiri natania. Nikamvalisha helmeti kwa mikono yangu, nikamkalisha nyuma, akanishika kiuno kwa nguvu za watu wawili.

Tulipokaribia Kirumba tukakuta magari yamesimama. Lori la mchanga lilikuwa limekatika ekseli. Foleni mbili kama zile za Oktoba, na kile kichochoro katikati, wazi kabisa, kinanisubiri.

Sikuingia. Nilikaa nyuma ya Noah nyeupe, kwenye mstari, kama gari. Nikaanza: "Mbele yetu Noah, nyuma wameandika Asante Mama. Kushoto kuna mzee anauza miwa, amevaa koti la mvua na jua linawaka. Kulia dada yuko ndani ya gari anajipaka wanja, anajikosea jicho."

"La kulia au la kushoto?" akauliza mgongoni kwangu.

"La kulia."

"Pole yake."

Nikaendelea kutangaza. Hakuna nilichokiacha, hata mbwa, hata rangi za ndoo. Miezi ile yote nilipita barabarani hapa nikiwa naona kila kitu, na sikumwona mtu mmoja.

Ndipo skuta ikapita katikati ya foleni, kijana amebeba mifuko ya mkate, anapiga honi. Mbili, fupi. Nikahisi mkono mmoja wa Minza unaniachia kiuno. Aliunyanyua juu, akapunga.

"Minza," nikamwambia, "si mimi huyo. Mimi niko hapa."

"Najua uko hapa," akasema. "Mkono ndio haujajua bado."